Utando wangu wa poliimidi unakatika kama jani kavu: kosa liko kwenye tanuri au kwenye mzani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika kemia ya polima. Nimetengeneza poliimidi, plastiki inayostahimili joto kali, kwa PMDA na ODA mara nne, na mara zote utando unakatika nikijaribu tu kuubandua kwenye kioo. Nayeyusha PMDA kwenye DMAc, naongeza ODA kidogo kidogo, nakoroga usiku kucha, namimina kwenye kioo, nakausha kwa nyuzi 80, halafu naoka kwa nyuzi 200 kwa saa 3. Sipandishi zaidi kwa kuogopa kuuunguza. Chupa ya PMDA niliirithi kwa mwanafunzi aliyenitangulia. Spektra ya infraredi inaonyesha vilele vya imidi vizuri kabisa, na rangi ni ya kaharabu kama Kapton, ule utando wa poliimidi unaouzwa madukani. Sasa kama imidi ipo, mbona nguvu haipo? Na kwa nini tusiyeyushe poliimidi iliyokwisha kutengenezwa tukaimimina, tukaepuka taabu yote hii?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo spektra, maana ndiyo iliyokupumbaza, na si wewe wa kwanza.

Vilele vya karibu 1776, 1720, 1375 na 725 kwa kila sentimita vinakuambia jambo moja tu: pete za imidi zimefunga. Urefu wa mnyororo havikuambii. Mnyororo wa viungo 40 na wa viungo 400 hutoa spektra ambazo ukizilaza moja juu ya nyingine huoni tofauti ya maana. Rangi nayo ni shahidi asiyeaminika. Kaharabu ile hutoka kwenye ujirani wa sehemu mbili za mnyororo: upande wa dianihidridi, yaani PMDA, una njaa ya elektroni, upande wa diamini, yaani ODA, unazo za kutoa, na pande hizo zikilala zikitazamana, elektroni huvutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine na mwanga wa buluu humezwa. Minyororo mifupi hufanya hivyo bila shida yoyote.

Kinachoufanya utando ukunjike bila kukatika ni minyororo mirefu iliyopitana na kusokotana kama nyuzi za kamba. Ukivuta, kila mmoja umeshikwa na wenzake mahali pengi. Mifupi haina pa kushikwa, inachomoka tu. Kapton ya kawaida yenye unene wa mikromita 25 hustahimili mvuto wa megapaskali 231 na hurefuka kwa asilimia 70 hivi kabla ya kukatika, na kemia yake ni hiyo hiyo yako, PMDA na ODA. Tumtafute basi aliyeikata minyororo yako, na wakati alipoikata. Kwa maelezo uliyonipa, naona alikatia mahali pawili.

Turudi kwenye chupa ya mmenyuko. PMDA ni pete moja ya benzini iliyobeba anihidridi mbili, moja kila upande. ODA ni pete mbili za benzini zilizoungwa na atomi moja ya oksijeni, na kila ncha ina kundi la amini. Nitrojeni ya amini hushambulia kaboni ya anihidridi, anihidridi ikafunguka, upande mmoja ukawa amidi na wa pili ukabaki asidi ya kaboksili. Hakuna kinachodondoka, hakuna maji yanayotoka, na joto la chumba linatosha. Mmenyuko huo ukijirudia mara mamia unapata asidi ya poliamiki, ambayo inakaa vizuri ndani ya viyeyushi kama DMAc au NMP. Ni kwenye tanuri ndipo haidrojeni ya amidi na kundi la asidi lililo jirani yake vinapotoka pamoja kama maji, na pete ya imidi ikafunga. Kila kipande kinachojirudia hutoa molekuli mbili za maji. Uzito wake hushuka kutoka gramu 418.4 hadi 382.3 kwa moli, yaani hata utando usio na tone la kiyeyushi hupoteza asilimia 8.6 ya uzito wake kwa maji peke yake. Maji hayo yanazaliwa ndani ya utando, katikati ya minyororo ambayo bado ni dhaifu. Tutayakuta tena mbele.

Kwanza mzani. Ipo hesabu inayobeba jina la Wallace Carothers, mkemia wa DuPont aliyetupatia nailoni, na ningependa uibandike ukutani juu ya mzani wako. Ukichukua uwiano wa ncha za kundi lililopungua kwa lililozidi, ukauita r, na ikiwa kila ncha inayoweza kupata mwenzake imempata, basi wastani wa monoma (zile molekuli ndogo zinazoungana) kwenye mnyororo ni (1 + r) kugawa kwa (1 − r). Upungufu wa asilimia 1 unakupa monoma 199. Asilimia 2, monoma 99. Asilimia 5, monoma 39. Kwa PMDA na ODA kila monoma ina uzito wa wastani wa 209, kwa hiyo uzito wa molekuli unashuka kutoka 41,600 hadi 20,700 hadi 8,200. Huo wa mwisho hata ukiuombea dua hautashika.

Uone jinsi asilimia 2 ilivyo ndogo. Chukua moli 0.05 za kila kimoja: gramu 10.01 za ODA na gramu 10.91 za PMDA. Asilimia 2 ya PMDA ni gramu 0.22, kiasi kinachoweza kubaki kwenye karatasi ya kupimia na kwenye shingo ya chupa bila wewe kukiona. Ndiyo maana napenda kupima karatasi kabla na baada ya kumwaga, nikaandika tofauti, kisha nikasuuza shingo kwa kiyeyushi nilichokitenga kwa kazi hiyo.

Lakini kwako nashuku zaidi ile chupa ya urithi. PMDA inapenda maji. Kila mara kifuniko kinapofunguliwa, unyevu wa hewa huingia na baadhi ya anihidridi hugeuka kuwa asidi ya kaboksili. Asidi hiyo kwenye joto la chumba haiungani na amini kuwa amidi. Inafanya nayo chumvi tu na kuishia hapo. Mzani hauna habari hizo. Unakuambia gramu 10.91 na wewe unaamini una moli 0.05, kumbe sehemu ya unga huo ni maiti. Na kama molekuli imegeuka upande mmoja tu, ni mbaya zaidi, kwa sababu upande ulio hai unaunga mnyororo na upande uliokufa unaufunga mlango.

Kuijua ni rahisi. PMDA safi huyeyuka kati ya nyuzi 283 na 286 za Selsiasi. Ikianza chini ya hapo au ikiyeyuka kwa kusitasita, si safi. Kwenye infraredi, tafuta mkanda mpana wa haidroksili ya asidi kati ya 2500 na 3300. Anihidridi safi haina kitu hapo zaidi ya vilele vyembamba vya kaboni na haidrojeni. Dawa yake ni joto: ipashe ndani ya ombwe usiku mzima kwa nyuzi 160 hivi ili maji yatoke na pete zifunge, au uigeuze mvuke ndani ya ombwe na kuikusanya upya kwenye ubaridi. Wengine huifuwelisha kutoka kwenye anihidridi ya asetiki, njia nzuri pia mradi uikaushe sawasawa. ODA nayo iangalie kwa macho: safi ni nyeupe, na ikiwa ya kahawia imeanza kuoksidika.

Kiyeyushi chako hukukitaja kama umekikausha. Tuseme una mililita 100 za DMAc zenye maji asilimia 0.1 tu. Ni gramu 0.094 za maji, yaani milimoli 5.2. Kwenye kipimo changu cha hapo juu kuna milimoli 100 za ncha za anihidridi. Maji hayo yakipata nafasi, yanaua asilimia 5 ya ncha zako, na tumeshaona asilimia 5 inavyofanya. Kinachotuokoa ni kwamba amini ni mwepesi kuliko maji na mara nyingi huwahi. Ila anawahi akiwepo.

Hapo ndipo mpangilio wako wa kuchanganya unapokuponza. Unayeyusha PMDA kwanza, peke yake, ikiogelea kwenye kiyeyushi chenye unyevu bila amini hata moja karibu. Maji yanapewa muda wa kutosha wa kufanya uharibifu kabla mshindani hajafika. Geuza: yeyusha ODA kwanza mpaka myeyusho uwe angavu, pitisha nitrojeni kavu, kisha mwaga PMDA ikiwa unga mkavu, wote kwa mafungu machache. Kila punje inayoyeyuka inazungukwa papo hapo na amini. Mmenyuko unatoa joto, kwa hiyo kuweka chupa kwenye maji baridi mwanzoni kunasaidia. Badiliko hili halina gharama yoyote, na nimeona likiokoa kazi ya watu waliokwisha kuanza kulaumu kampuni iliyowauzia kemikali.

Mnato utakuambia kama umefaulu, mapema sana kuliko spektra. Kwa mchanganyiko wa asilimia 15 hadi 18 ya monoma kwa uzito, myeyusho wenye minyororo mirefu unakuwa mzito kiasi cha kumtesa mkorogaji: unapanda kwenye mpini, kijiti cha sumaku kinasimama, na ukiinua spatula unajivuta kama gundi. Ukiona bado unatiririka kama mafuta ya taa baada ya saa 6, usiupeleke kwenye kioo. Tafuta kosa, kwa sababu tanuri haitakupa urefu ambao chupa ilikunyima.

Mnato huo utapanda, kisha siku ya kwanza au ya pili utashuka kidogo. Usishtuke. Mwanzoni, unga unapoyeyuka polepole, minyororo inayozaliwa karibu na punje huwa mirefu kupita kiasi. Baadaye viungo vinafunguka na kuungana upya hadi mgawanyo wa urefu utulie. Kushuka kusikokoma ni jambo jingine. Asidi ya poliamiki haijatulia kikemia: kundi la asidi lililo pembeni ya amidi linaweza kuisukuma irudi nyuma, mnyororo ukakatika na kuacha anihidridi upande mmoja na amini upande mwingine. Kama hakuna maji, ncha hizo hukutana tena. Kama yapo, anihidridi inageuka asidi na mlango unafungwa. Niliwahi kuacha chupa yangu mezani nikaenda likizo. Niliiacha ikiwa nzito kama lami, niliporudi ilimwagika kama maji ya kunywa, na kwa siku mbili nilimshuku mwenzangu kwamba ameichezea. Tangu hapo myeyusho wangu unalala kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, umefungwa, na siufungui mpaka uwe umerudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande unaingia.

Sasa tanuri, ambapo nadhani minyororo yako ilikatwa mara ya pili.

Unaogopa kuunguza utando kwa kupita nyuzi 200. Hofu hiyo haina msingi kwa polima hii. Ndani ya nitrojeni PMDA na ODA haianzi kuoza kwa kasi mpaka upite nyuzi 500. Nyuzi 200 ndizo za kuogopa, kwa sababu umesimama katikati ya mto. Ule mmenyuko wa kurudi nyuma niliousimulia unaongezeka kasi na joto, na kati ya nyuzi 150 na 200 kuna mambo matatu kwa wakati mmoja: pete zinafunga, minyororo inafunguka, na maji yaliyozaliwa humo ndani yanatafuta njia ya kutoka huku yakikutana na anihidridi zilizoachwa wazi. Ukipima uzito wa molekuli hatua kwa hatua, unashuka hadi bondeni katika eneo hilo, kisha unapanda tena joto linapozidi. Watu wa poliimidi wanajua kwamba utando unaotolewa nusu ya safari unakatika ukiukunja, na ule ule ukiendelea hadi nyuzi 300 na kitu unakuwa mgumu wa kuchana. Huko juu ncha za asidi zilizokaa jirani hutoa maji na kurudi kuwa anihidridi, zinakutana na amini zilizoachwa, na mnyororo unajiunga upya.

Utaniuliza, kwa nini nisiuache saa 10 kwa nyuzi 200 badala ya kupandisha? Kwa sababu saa hazinunui joto. Kufunga kwa pete kunaenda mbio mwanzoni mwa kila hatua kisha kunakwama. Kadiri pete zinavyofunga na DMAc inavyotoka, mnyororo unakakamaa, joto la mpito wa kioo la utando (lile ambalo chini yake minyororo hukakamaa kama kioo) linapanda hadi kulifikia joto la tanuri, na hapo molekuli haziwezi tena kujigeuza ili vikundi vikutane. Njia ya kuzifungua ni kupandisha joto. Ndiyo maana ratiba iliyozoeleka ina ngazi: nyuzi 100, 200, 300, saa moja kila moja. Kwa PMDA na ODA mimi huongeza nusu saa kwa 350, ndani ya nitrojeni ili ncha za amini zilizobaki zisioksidike. Panda taratibu, nyuzi 2 hadi 3 kwa dakika, kwa sababu DMAc inayochemka ghafla kwa nyuzi 165 pamoja na ile asilimia 8.6 ya maji vinaweza kukuachia mapovu. Kupoza nako kuwe kwa taratibu. Utando umeshikwa na kioo na umejaa mkazo.

Tanuri yako ikiwa haifiki huko, ipo njia ya kikemia: anihidridi ya asetiki pamoja na piridini au triethilamini hufunga pete karibu na joto la chumba, na maji yanamezwa kabla hayajaleta madhara. Minyororo haikatwi. Lakini PMDA na ODA ikifunga pete haikai tena kwenye myeyusho, inakuwa jeli, na lazima uwe umeshaimimina. Isitoshe, baadhi ya pete hufunga vibaya na kuwa isoimidi, ambazo nazo zinataka joto ili zijirekebishe. Tanuri hulikwepi kabisa.

Kabla hujarudia kazi yote, fanya jaribio moja dogo. Kata vipande vya utando ulio nao, hata kama ni vigae, uvipandishe polepole hadi nyuzi 300 kisha 350 ndani ya nitrojeni. Vikipata unyumbufu, mwizi alikuwa tanuri na chupa yako haikuwa mbaya sana. Vikibaki vya kukatika, minyororo ilikuwa mifupi tangu kwenye myeyusho. Ningebashiri kwamba vitapata nafuu kidogo tu, kwa kuwa hukuutaja mnato hata mara moja, na mtu aliyepata mnato mzuri hasahau kuutaja.

Swali lako la pili, la kuyeyusha poliimidi iliyokwisha funga, ndilo lililowakwamisha watangulizi wetu kwa nusu karne. Mwaka 1908 Bogert na Renshaw walipasha joto kiwanja chenye amini na anihidridi katika molekuli moja, kikatoa maji na kubaki kitu kisichoyeyuka kwa moto wala kwa kiyeyushi. Waliandika walichokiona na mambo yakaishia hapo, kwani kitu usichoweza kukiumba utakifanyia nini? Wakemia wa DuPont katika miaka ya 1950 na 1960 ndio walioona kwamba hakuna haja ya kuiumba poliimidi. Unaiumba asidi ya poliamiki, iliyo laini na tiifu, kisha pete zifunge ikiwa tayari na umbo lake. Kapton ilizaliwa hapo. Ubishi wa mnyororo huu mbele ya viyeyushi unatokana na mambo yale yale yanayoupa ustahimilivu: pete bapa, ngumu, zinazovutana kwa elektroni na kulala zimebanana. Joto lake la mpito wa kioo lipo kati ya nyuzi 360 na 410 na hauyeyuki kabisa. Kabla ya kutiririka utakuwa umeoza. Na kwa kuwa maji lazima yatoke kupitia kwenye unene wake, huwezi kumimina tofali. Vipande vinene vya Vespel, ambavyo ni PMDA na ODA pia, hutengenezwa kwa kugandamiza unga uliokwisha funga pete, kwa joto na shinikizo, karibu kama unga wa metali unavyogandamizwa kuwa kipande kimoja.

Zipo poliimidi zinazoyeyuka, lakini kila moja imelipa bei. Ukiweka vifundo vya etha na mikunjo ya kutosha unapata Ultem, iliyotolewa na General Electric mwaka 1982: inayeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu kama plastiki nyingine, ila mpito wake wa kioo umeshuka hadi nyuzi 217. Ukitumia 6FDA, dianihidridi yenye vikundi vya florini vyenye mwili mkubwa katikati, minyororo haiwezi kubanana. Inayeyuka kwenye viyeyushi vya kawaida, na kwa kuwa ile mivutano ya elektroni imevurugwa, rangi inafifia hadi karibu angavu. Aina hizo za angavu ndizo zilizowezesha vioo vya simu za kukunja za mwanzo. Kwa hizi unaweza hata kufanya yote kwa hatua moja, ndani ya m-kresoli kwa nyuzi 200 hivi na isokwinolini kidogo, maji yakitoka kadiri pete zinavyofunga. Upande wa pili wa mizani yupo BPDA na parafenilini diamini, jozi ya Upilex S ya kampuni ya Ube: hakuna oksijeni ya kukunjia kwenye diamini, mnyororo umenyooka kama fimbo, utando ni mgumu mara kadhaa kuliko Kapton na kwa joto hautanuki sana kama Kapton, jambo linalopendwa sana na wanaobandika shaba juu yake kutengeneza saketi za kukunjika.

Kuna kisa kimoja kinachopindua kila nilichokuambia kuhusu urefu. PMR-15, iliyobuniwa NASA katika miaka ya 1970 kwa ajili ya sehemu za injini za ndege, inatengenezwa makusudi iwe na minyororo mifupi yenye uzito wa 1,500 hivi. Ufupi unairuhusu ipenye kati ya nyuzi za kaboni, na ncha zake zina vifuniko maalumu vinavyofungana kwa karibu nyuzi 316 na kuwa wavu. Kwa hiyo ufupi si dhambi kama ncha zako zinajua pa kwenda. Za kwako hazijui. Diamini ya PMR-15, MDA, ni sumu ya ini, na kwa sababu hiyo watu wamehangaika miaka mingi kutafuta mbadala wake.

Usije ukaondoka ukidhani Kapton haina adui. Besi kali kama hidroksidi ya sodiamu huila, na viwanda vya elektroniki hutumia udhaifu huo kutoboa matundu. Ikizamishwa hunywa maji hadi asilimia 2.8 ya uzito wake, hivyo ukiipasha ghafla ikiwa na unyevu hutoa mapovu. Angani, kwenye mizingo ya chini, oksijeni ya atomi huitafuna, kwa kiasi kinachojulikana vizuri hivi kwamba Kapton hutumika kama kipimo cha kulinganishia vitu vingine. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kivuli cha tabaka 5 za Kapton zilizopakwa aluminiamu, la kwanza la mikromita 50 na mengine ya 25. Yenyewe iko mbali sana na mizingo hiyo, na huko baridi na jua kali ndivyo vinavyoijaribu.

Kwa mara yako ya tano, basi: PMDA iliyopashwa kwenye ombwe na kupozwa kwenye chombo cha kukaushia, ODA nyeupe, DMAc iliyokaushwa kwa vichungi vya molekuli, vyombo vya kioo vilivyotoka ovenini, nitrojeni. ODA kwanza, PMDA baadaye. Ikiwa mnato umesita kupanda, ongeza PMDA kwa vipimo vidogo sana, nusu ya asilimia kila mara, ukingoja saa moja kati ya kipimo na kipimo. Mara nyingi utauona ukiruka ghafla unapofika kwenye usawa, na ukipita hapo hautapanda tena. Vaa glavu na ufanyie kazi kwenye kabati la hewa, kwa sababu DMAc hupenya ngozi na inadhuru ujauzito, ODA inashukiwa kusababisha saratani, na vumbi la PMDA huamsha mzio wa mapafu.

Utando ukishapoa usiubandue kwa kucha. Zamisha kioo chote kwenye maji ya moto kwa nusu saa au zaidi, uuache unywe maji na kuachia wenyewe kuanzia kingo. Kisha ukaushe, ukunje mara mbili kwa vidole, ubane mkunjo kwa kucha, uukunjue na kuukunja upande wa pili. Ukipona, pima na uniandikie. Ukikatika, niandikie pia, ila safari hii anza na mnato.